Kabla ya Kuuliza cc, Tazama Silinda Imeelekea Wapi

Kijana mmoja wa Dodoma ameniandikia wiki hii. Amedunduliza mpaka pesa imetimia, anataka pikipiki kubwa ya mtumba kutoka Japani, na swali lake lilikuwa fupi: "Kaka shikamoo. Nichukue V au nichukue ya kawaida? Ipi ina nguvu?" V ni injini ya silinda mbili zilizotanuka kama herufi V. Nikamrudishia swali: hiyo unayoitaka, silinda zake zimeelekea wapi? Akanitumia emoji za kucheka. Alidhani namtania.

Sikuwa natania. Na kwa kuwa najua wengi mnaosoma hapa mna ndoto ileile, Dar hadi Mbeya, Mbeya hadi Tunduma, halafu Mungu akijalia Zambia na kuendelea, acha nilieleze jambo hili kwa kirefu ili nisiulizwe tena.

Pikipiki unaweza kubadilisha karibu kila kitu. Ekzosi utabadilisha, kabureta utabadilisha, sproketi, shokapu, siti, hata rimu. Pembe ya silinda huibadilishi. Aliyechora injini akishaamua silinda isimame, iiname, ilale au zigawanyike kwa V, amekuamulia na mengine yote: umbali kati ya tairi na tairi, tanki litakaa wapi, joto litatokea upande gani, injini itatikisika vipi, na fundi wako atahangaika kiasi gani kuifikia plagi. Lakini nenda kijiwe chochote usikilize. Watu wanaulizana cc tu, yaani ujazo wa injini, utadhani wanapimiana mafuta ya taa.

Mimi nimeanzia chini kabisa, gereji moja pale Morogoro, sio mbali na Msamvu, nikiosha vipuri kwa petroli mpaka vidole vinapasuka. Zilizokuwa zikiletwa ni Honda XL za serikali na za miradi, baadaye zikaja za Kichina. Zote silinda moja, imesimama au imeinama mbele kidogo. Mzee aliyenifundisha kazi hakuwa mtu wa maneno, ila siku moja alinishikisha usukani wa XL iliyokuwa inaunguruma na kuniuliza, "Unasikia inapiga wapi?" Nikasema mikononi. Akasema, "Sasa jiulize kwa nini."

Nimejiuliza kwa miaka. Pistoni inapanda, inasimama kabisa, inashuka, inasimama tena. Kila inaposimama na kugeuka, uzito wake unaisukuma fremu. Silinda ikiwa wima, msukumo ni wa juu na chini. Wachoraji wanaweka uzito wa kusawazisha upande wa pili wa kranki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, lakini uzito huo unazunguka wakati pistoni inakwenda na kurudi tu. Ukiuongeza mpaka utulize kabisa mtikisiko wa juu na chini, umezalisha mwingine wa mbele na nyuma. Kwa hiyo kwenye silinda moja wanakubaliana na shida: wanaugawa, nusu huku, nusu kule. Ganzi ya vidole baada ya safari ndefu inatoka hapo. Siku hizi nyingine zinawekewa shafti ya pembeni ya kusawazisha, nayo inaongeza uzito na bei.

Zile za Kichina, kina SanLG na nduguze, nyingi zilibeba injini ya mtindo wa Honda CG125 ya mwaka 1976: silinda moja, valvu zinasukumwa kwa vijiti badala ya cheni ya juu. Honda waliichora hivyo kwa ajili ya nchi ambazo watu hawabadilishi oili kwa wakati. Walitujua.

Sasa kinyume chake. Marehemu baba alikuwa na Honda C90, silinda imelala karibu sambamba na ardhi, inaangalia tairi la mbele. Ukoo wa pikipiki hiyo ulianza mwaka 1958 na Super Cub ya cc 49, na ilipofika 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100. Watu wanasifu uimara wake, sawa, lakini tazama pembe. Kwa kuwa silinda imelala, pale katikati pamebaki wazi. Mama aliyevaa kanga anapanda bila kurusha mguu, na baba alipanda na kanzu yake kwenda msikitini. Uzito uko chini, hivyo hata mtu mwembamba anaimudu kwenye mchanga. Kasoro yake tuliijua kila masika: plagi iko nyuma tu ya tairi la mbele, na maji ya madimbwi yakipenya yanaikuta hapo. Baba alitembea na kitambaa kikavu mfukoni, na mimi ndiye niliyetumwa kuinama na kupangusa.

Basi nikakua, nikafungua gereji yangu, na nikapata hamu ya V. Sitajificha. Nilitaka mlio. Yadi moja ya Dar walikuwa nayo, V ndogo ya cc 250, digrii 60 kati ya silinda na silinda, inapozwa kwa upepo, nikeli inameta. Muuzaji aliniona macho yangu akajua biashara imekwisha. Nilipouliza kuhusu silinda ya nyuma alinikatisha: "V ni V, kaka." Maneno hayo bado yananikera, kwa sababu ni uongo. V hazifanani hata kidogo.

Chukua Harley-Davidson. V yao ya kwanza walitoa mwaka 1909, na mpaka leo injini zao kubwa maarufu zina digrii 45. Pembe finyu hivyo inaingia vizuri kwenye fremu fupi, ndiyo faida. Pistoni zote mbili zimeshika pini moja ya kranki, kwa hiyo milipuko haipishani sawa: baada ya mmoja unapita mzunguko wa kranki wa digrii 315, mwingine unalipuka, halafu kimya cha digrii 405. Mlio ule wa kuchechemea ambao watu wanalipia mamilioni unatoka hapo. Mtikisiko nao ni mkubwa, ndiyo maana nyingi zimefungwa kwenye fremu kwa raba.

Nenda upande wa pili, Ducati. Fabio Taglioni aliwachorea V ya digrii 90, na 750 GT ya mwaka 1971 ndiyo iliyofungua ukoo huo. Hapa kuna jambo zuri sana ambalo lilinichukua muda kulielewa. Kumbukeni ule uzito wa kusawazisha unaotuliza pistoni moja lakini unazalisha mtikisiko wa mbele na nyuma. Kwenye digrii 90, wakati uzito ule unavuta mbele au nyuma, pistoni ya pili iko hasa kwenye mstari huo ikivuta upande wa pili. Zinafutana. Hakuna nusu huku nusu kule, hakuna shafti ya ziada. Ila hupewi bure: silinda moja imekuja mbele imelala karibu chini, kwa hiyo injini ni ndefu. Tairi la mbele lazima likae mbali nayo, injini inarudishwa nyuma, na uzito wa mbele unapungua kwenye kona. Ducati wamepigana na hilo miaka nenda rudi. Kwenye Panigale 1199 ya 2012 waliizungusha injini nzima digrii 6 kwenda nyuma ili waisogeze karibu na tairi la mbele. Digrii 6 tu, na wakaona inafaa kuchora upya.

Katikati ya hizo mbili kuna ujanja. Honda walikuwa na V za digrii 52, pamoja na ile Africa Twin ya kwanza ya mwaka 1988. Pembe ni finyu, ilipaswa kutikisika, lakini wakazitenganisha pini za kranki kwa digrii 76. Hesabu yenyewe mtoto wa darasa la tano anaiweza: chukua 180, toa pembe ya V mara mbili. Toa 104, unabaki na 76. Jaribu na V ya digrii 90: unabaki na sifuri, ndiyo maana ile haihitaji ujanja wowote. Siku niliyoielewa hesabu hii nilikuwa peke yangu gerejini, umeme umekatika, nikacheka kwa sauti. Hakuna aliyenifundisha darasani. Nasema hivi kwa wale wanaodhani fundi wa pikipiki ni mtu wa spana na matusi.

Turudi kwenye V yangu ya digrii 60. Mtikisiko sikuulalamikia. Siti ilikuwa chini, ilijaa mikononi vizuri, na kila nilipopita Kariakoo vichwa viligeuka. Tatizo lilikuwa joto. V iliyofungwa kwa urefu wa pikipiki, silinda ya mbele inakula upepo, ya nyuma inapata kilichobaki, na chenyewe kimeshapashwa moto. Kwenye foleni ya Ubungo zote mbili hazipati kitu. Nilikuwa nikifungua plagi, ya mbele ina rangi ya kahawia safi, ya nyuma imekuwa nyeupe. Fundi anajua maana yake: silinda hiyo inachemka kupita kiasi. Ukitoka Mikumi kuelekea Iringa mchana, ukishuka kwenye lile bonde la Ruaha Mbuyuni, paja lilikuwa linaniambia kila kitu kabla ya injini kulalamika. Nilijifunza kusimama chini ya mibuyu na kununua vitunguu ambavyo sikuvihitaji.

Mnataka V ambayo silinda zote mbili zinapata upepo? Moto Guzzi waliigeuza upande: V7 ya mwaka 1967, digrii 90, silinda moja inatokeza kushoto na nyingine kulia. Tatizo la joto limekwisha. Ila kranki sasa imelala kwa urefu wa pikipiki, kwa hiyo ukivuta mafuta ukiwa umesimama, pikipiki nzima inataka kuegemea upande mmoja. Mara ya kwanza unashtuka.

Na boxer. Siyo Boxer ya Bajaj mnayoijua, ile ni silinda moja kama nyingine. Boxer hasa ni ya BMW, tangu R32 ya mwaka 1923 aliyoichora Max Friz: cc 494, silinda mbili zimelala zikipeana migongo, moja kila upande. Pistoni zinatoka pamoja na kurudi pamoja, msukumo wa moja unaua wa mwenzake, kinabaki kijitikiso kidogo kwa sababu silinda hazikupangwa kwenye mstari mmoja kabisa. Uzito uko chini. Upepo unatosha kote. R80 G/S ilitoka mwaka 1980, na mwaka uliofuata Hubert Auriol akashinda nayo mbio za Paris–Dakar, wakati watu walikuwa wanasema injini pana hivyo haifai jangwani.

Nimeishika moja kwa mikono yangu. Mjerumani mmoja alikuwa anatoka Cairo kwenda Cape Town, akanikuta Iringa nikiwa kwa rafiki yangu fundi. Alitaka tapeti ziangaliwe, yaani nafasi za valvu. Nilikaa juu ya jiwe, nikafungua boliti chache, kifuniko kikatoka, na valvu zote za upande ule zikawa mbele ya uso wangu. Sikuondoa tanki, sikuondoa siti. Ningekuwa nachora pikipiki kwa ajili ya mafundi wa barabarani, ningeanzia hapo. Lakini jaribu kupenya nayo katikati ya daladala mbili pale Mwenge, halafu uniambie.

Sasa nifike kwangu, maana najua kuna watu wanasubiri niitaje.

Niliuza V nikachukua Honda NC700X. Silinda mbili sambamba, zimeinamishwa mbele digrii 62, karibu zilale. Hili la kuinamisha si geni. Yamaha walifanya digrii 45 kwenye FZ750 ya mwaka 1985 ili hewa iingie kwa njia iliyonyooka kutoka juu, na BMW wakaenda digrii 55 kwenye K1200S. Lakini Honda mwaka 2012 hawakutafuta mbio. Walitafuta nafasi. Injini ikilala, pale tanki linapokaa siku zote panabaki patupu, wakaweka sanduku linalomeza helmeti nzima. Tanki likaenda chini ya siti. Kipenyo cha silinda ni milimita 73 na mwendo wa pistoni ni 80, vipimo vilevile vya injini ya gari la Honda Fit ya cc 1300 linalozagaa mjini. Nguvu yake inatoka mapema, injini ikizunguka polepole, haitaki kupigiwa kelele.

Nani alinisifu? Hakuna. Kwenye kundi letu la WhatsApp nilichekwa mimi. "Kaleta nusu ya Fit." "Injini imelala, iamsheni." Mmoja, ambaye nimemtengenezea pikipiki zake bila kumtoza hata senti, aliandika kwamba mimi nimezeeka. Nilinyamaza. Nilisoma kila ujumbe na nikanyamaza.

Mwezi uliopita tukaenda Iringa pamoja. Wao mbele, mimi nyuma na nusu yangu ya Fit. Joto la Ruaha Mbuyuni ni lilelile, halijui nani anacheka. Yule aliyeandika kwamba nimezeeka, mwenye V ya pembe finyu inayopozwa kwa upepo, alisimama kabla hata ya mlima, injini imechemka, anaipepea kwa kofia. Nilisimama. Nikampa maji ya kunywa, nikamwambia aiache ipoe. Na moyoni nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi sana.

Halafu mlima wa Kitonga. Mnaijua: ukuta upande mmoja, bonde upande mwingine, malori yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, na huwezi kupita mpaka uone mbele. Pikipiki yenye uzito juu, kwa mwendo ule mdogo, inataka kulala kila kona. Unaishika kwa misuli. Yangu nilipanda kwa gia ya pili, injini inanong'ona, magoti hayajakaza. Uzito uko chini kwa sababu silinda zimelala. Sikufanya ushujaa wowote, aliyechora ndiye aliyefanya. Nilifika Ilula nikanywa chai, nikawasubiri.

Haina kasoro? Inayo, na nitaisema kwa sababu sipendi wauzaji. Mdomo wa tanki uko chini ya siti ya nyuma. Ukifunga mzigo pale, kila sheli unaufungua wote, mhudumu amekodoa macho, foleni nyuma inapiga honi. Na ukitaka plagi, lazima usogeze rejeta kwanza, maana kichwa cha injini kimeelekea huko. Pembe ileile iliyonipa sanduku imenipa na adha hiyo.

Kuna jambo moja la kuwaondolea tamaa ya V wale wanaotaka mlio tu. Yamaha kwenye TRX850 ya mwaka 1995 walichukua silinda mbili sambamba wakazipanga pini za kranki kwa digrii 270. Milipuko inapishana 270 halafu 450, sawasawa na V ya digrii 90. Sikio linasikia V, na hakuna silinda ya nyuma inayoungua. Leo MT-07 ya Yamaha iko hivyo, NC yangu iko hivyo, na Africa Twin mpya ya mwaka 2016, ambayo mama yake alikuwa V ya digrii 52, nayo ikahamia huko. Wahandisi wa Honda waliiacha V, wewe wa Dodoma unataka kuing'ang'ania kwa sababu ya picha?

Vijana, nasema kama kaka yenu mkubwa. Msinunue pikipiki kwa macho ya watu wa kijiweni. Hawatakuwa nawe Mbuyuni saa saba mchana. Ukipenda V, nunua V, lakini ujue ni ya digrii ngapi na imefungwa upande gani. Ukipenda boxer, pima kwanza upana wa njia unazopita kila siku. Ukipenda iliyolala, uliza plagi inafikiwaje. Tazama pembe kwanza, cc baadaye.

Ukifika yadi, usianze na rangi. Chuchumaa pembeni, uone silinda ya nyuma inapata upepo kutoka wapi. Uliza kama plagi unaweza kuifungua pale pale kwa spana ya kawaida. Kama ni V, fungua zote mbili uzilinganishe rangi. Halafu iwashe, iache isimame bila kuendeshwa mpaka ipate joto lake, huku umeshika usukani kwa vidole viwili tu usikie inapiga wapi. Muuzaji akianza kuharakisha, akasema petroli inaisha, akasema kuna mteja mwingine anakuja saa hizi, izime, mrudishie ufunguo, nenda yadi ya pili.